Skrubu ya mama kwenye mfupa laini: je, kompyuta inaweza kujua kama itashika?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72, tunaishi naye Mbagala. Wiki sita zilizopita aliteleza bafuni akavunjika paja kwa juu, karibu na nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akawekewa skrubu moja nene inayoingia kwenye nyonga pamoja na bamba la chuma pembeni lenye skrubu nne ndogo. Juzi tulimrudisha kliniki, daktari akaangalia picha, akasema mfupa wake ni laini na skrubu 'imesogea kidogo', tuendelee na mazoezi na turudi baada ya wiki sita. Tangu siku hiyo hatulali. Kaka yangu anasoma uinjinia nje ya nchi. Ametutumia video ya kompyuta: mfupa una rangi za bluu, kijani na nyekundu, skrubu inavutwa mpaka inang'oka. Anasema siku hizi kompyuta inaweza kukuambia kama skrubu itashika, kwa hiyo mama apigwe CT scan tumtumie picha. Shangazi naye anasema mama alale tu miezi mitatu, asikanyage kabisa. Je, tulipie hiyo CT? Kwa nini hawakumwekea skrubu nyingi zaidi? Na mama mwenyewe anauliza lini ataweza kuswali kwa kusujudu."

Marahaba, dada yangu. Pole wewe, na mama umfikishie pole zangu. Nitaanza na lile neno lililowanyima usingizi, kwa sababu nadhani mmelielewa sivyo, na kosa si lenu. Sisi madaktari tukiwa na benchi zima la wagonjwa nje ya mlango, tunasema "imesogea kidogo" halafu tunaita anayefuata.

Skrubu ya aina aliyowekewa mama imetengenezwa isogee. Itazameni eksirei yake vizuri: ile skrubu nene haikukazwa kwenye bamba, imepita ndani ya bomba fupi ambalo ni sehemu ya bamba. Mama akikanyaga, uzito unasukuma kichwa cha mfupa wa paja kuelekea chini na nje, skrubu inateleza kurudi nyuma ndani ya bomba, na pande mbili za mfupa uliovunjika zinabanana. Zikishabanana, mfupa wenyewe unaanza kubeba mzigo na chuma kinapata nafuu. Kama skrubu isingeteleza, ncha yake ingebaki palepale huku kichwa kikishuka, na mwisho ingekitoboa. Kwa hiyo milimita 5, hata 10, za kurudi nyuma katika wiki za mwanzo hazinishtui. Zikipita 15 ndipo ninapoanza kuuliza maswali, maana mguu utakuwa umefupika na huenda mpasuko wenyewe haukutulia.

Kusogea tunakokuogopa ni kwa namna nyingine kabisa. Ni pale skrubu inapoanza kuukata mfupa wa kichwa kuelekea juu, taratibu, mpaka ncha inatokeza ndani ya kiungo. Basi swali la kumpelekea daktari wenu, hata kwa simu, ni hili: skrubu imerudi nyuma kwenye bomba, au imehama ndani ya kichwa? Alivyowaambia muendelee na mazoezi mrudi baada ya wiki sita, nahisi alimaanisha la kwanza. Angeona la pili asingewaruhusu mwondoke hivyo. Lakini muulizeni, mimi picha sijaiona.

Sasa huo "mfupa laini". Mfupa wa paja kwa juu si gogo moja. Nje una gamba gumu, ndani una wavu wa vijiti vyembamba vya mfupa, mfano wa sponji. Kwenye kichwa cha paja, pale skrubu ya mama ilipojishika, karibu pote ni wavu huo. Ukipita kwenye ghorofa linalojengwa Kariakoo, angalia chini ya zege bichi: mirunda imesimama, na kati ya mrunda na mrunda mafundi wamepigilia mbao za kukingama. Ng'oa zile za kukingama uache mirunda peke yake. Idadi ya nguzo ni ileile, ila zege sasa liko hatarini, kwa sababu nguzo nyembamba hupinda kabla haijapondeka. Na hesabu ya kupinda ni kali: urefu usioshikiliwa ukiwa mara mbili, mzigo ambao nguzo inaweza kubeba unashuka hadi robo. Uzee hufanya kazi hiyohiyo ndani ya mfupa, na kwa wanawake kasi huongezeka hedhi inapokoma. Vijiti vinakonda, na mara nyingi vya kukingama ndivyo hutangulia kupotea.

Ndiyo maana mfupa uliopungua nusu haupotezi nusu tu ya nguvu. Vipimo vya maabara tangu miaka ya 1970 vimeonyesha kuwa nguvu ya mfupa wa sponji hufuata takriban mraba wa msongamano wake. Msongamano ukibaki nusu, nguvu inabaki kama robo. Watu wengi hudhani nguvu hushuka sawasawa na mfupa, kumbe hushuka kwa kasi zaidi.

Na skrubu yenyewe inashikwa na nini? Si ncha. Inashikwa na mfupa ulioingia katikati ya hesi zake. Mafundi seremala wa Keko wanalijua hili bila kufundishwa darasani. Skrubu ya bawaba kwenye mninga unaifunga na kuisahau. Kwenye chipbodi, mlango ukibamizwa mara kadhaa tundu linageuka unga. Fundi mzuri akifika kwenye chipbodi huchagua skrubu yenye hesi pana, ndefu, hutoboa tundu dogo kuliko kawaida, na huacha kukaza mapema, kwa kuwa robo mzunguko ya ziada inakwangua hesi na bisibisi inazunguka bure. Upasuaji wa mfupa uliodhoofika ni hivyohivyo. Nguvu ya kung'oa skrubu inategemea kipenyo cha nje cha hesi, urefu uliozama, na uimara wa kile ilichozamia. Viwili vya kwanza viko mikononi mwa daktari. Cha tatu mama alikuja nacho.

Hapa nisimame kidogo kwenye ile video. Umesema skrubu inavutwa mpaka inang'oka. Jaribio la kuvuta ni la kawaida maabara kwa sababu ni rahisi kulifanya na kulirudia, na kwa skrubu za uti wa mgongo au za bamba la kawaida lina maana yake. Ila kwenye nyonga ya mama hakuna anayeivuta skrubu. Inasukumwa kwa ubavu, kutoka juu, kila hatua. Inaweza kushindwa kama kisu kinavyozama kwenye mkate wa kumimina, wala si kama msumari unavyochomolewa. Kwa hiyo hata kabla ya kuuliza kama kompyuta ina ukweli, ujue video mliyotumiwa inajibu swali ambalo nyonga ya mama haikuuliza.

Lakini sitaki kumkatisha tamaa kaka yako, maana nyuma ya zile rangi kuna kazi ya maana. Mbinu yenyewe ilizaliwa kwa wahandisi wa ndege: mwaka 1956 watu wa Boeing pamoja na Ray Clough wa California walichapisha njia ya kukokotoa ugumu wa bawa kwa kuligawa vipande vidogo, na mwaka 1960 Clough akaipa jina linalotumika mpaka leo, "finite element". Mwaka 1972 ilikuwa imeshafika kwenye mfupa wa paja. Wazo ni jepesi. Kitu chenye umbo gumu kukokotoa unakikata katika vipande vingi vidogo, laki kadhaa au hata mamilioni, kila kimoja kikiwa na umbo rahisi. Kisha unauliza kila kipande: ukisukumwa hapa, utabonyea kiasi gani, na utamsukuma jirani yako kiasi gani? Milinganyo yote inatatuliwa kwa pamoja.

Ugumu wa kila kipande unatoka kwenye picha za CT. Kila nukta ya picha ina namba ya weupe. Maji yamepewa sifuri, hewa hasi 1000, mfupa mgumu uko juu kabisa. Mtafiti hulinganisha weupe huo na vipande vya madini ambavyo msongamano wake unajulikana, vilivyopigwa picha pamoja na mgonjwa, halafu anaubadilisha msongamano kuwa ugumu. Uone tofauti zilivyo: kwa gigapaskali, kipimo cha ugumu wa vitu, chuma cha pua kina kama 200, titani ya vyombo vya upasuaji kama 110, gamba la mfupa 17 hadi 20 hivi, na mfupa wa sponji mara nyingi haufiki hata 1. Skrubu ya mama ni kitu kigumu mno kilichokaa ndani ya kitu laini mno, na matatizo yote yanatokea kwenye mpaka wao.

Baada ya hapo modeli, yaani huo mfupa wa kwenye kompyuta, inapewa mzigo. Hapa tuna bahati: huko Berlin, Georg Bergmann na wenzake waliwawekea wagonjwa nyonga za bandia zenye vipimo ndani, wakasoma nguvu halisi watu wakitembea. Kutembea kwa kawaida kulitoa takriban mara 2.4 ya uzito wa mwili, kupanda na kushuka ngazi kidogo zaidi. Mama mwenye kilo 60 anaposimama kwa mguu mmoja katikati ya hatua, kiungo chake kinabanwa kama kuna kilo 140 na ushee juu yake, kwa sababu misuli ya nyonga inavuta upande wa pili ili asipinduke. Na mgonjwa mmoja alipojikwaa tu, bila hata kuanguka, nguvu ilipita mara 8 ya uzito wake. Hiyo namba ikae kichwani. Nitairudia tukifika bafuni.

Kwa hiyo modeli imefundisha nini? Mengi, hasa pale inapolinganisha. Ukichukua mfupa uleule, ukabadilisha kitu kimoja tu, kompyuta inakuonyesha kipi ni bora bila kuharibu mfupa wa mtu: skrubu katikati ya kichwa au juu yake, bamba hili au lile, ncha yenye saruji ya mifupa au isiyo nayo. Watafiti wa AO, taasisi ya utafiti wa upasuaji wa mifupa kule Davos, Uswisi, walionyesha kwenye mabega ya watu waliojitolea miili yao kwa sayansi kuwa kiasi cha kubonyea kwa mfupa kuzunguka skrubu, kilichokokotolewa na modeli, kinaendana na idadi ya mizunguko ambayo mfupa ulihimili mashineni kabla ya kushindwa. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Na mengi iliyoyafundisha modeli, pamoja na majaribio ya mashine, tayari yamo kwenye mikono ya madaktari waliomfanyia mama upasuaji, hata kama hawakuwasha kompyuta siku ile.

Tatizo ni kuhama kutoka "A ni bora kuliko B" kwenda "ya mama itashika". Nikiwa masomoni niliwahi kutengeneza modeli ya namna hii nikiwa na ujasiri wote wa ujana. Niliunganisha skrubu na mfupa kana kwamba vimegundishwa kwa gundi, kwa sababu hesabu inaisha haraka. Matokeo yalikuwa ya kupendeza. Tulipopeleka mfupa wenyewe kwenye mashine, ulilegea mapema sana kuliko nilivyotabiri. Sababu ni kwamba hakuna gundi pale. Kuna msuguano, kuna vijiti vilivyovunjwa na keekee wakati wa kutoboa, kuna unga wa mfupa uliobanwa kwenye hesi. Ukiviweka hivyo kwenye modeli inakuwa ya kweli zaidi, lakini kila kimoja kinahitaji namba, na namba hizo kwa mfupa wa mama hamna wa kuwapa.

Halafu modeli nyingi zinasukuma mara moja, wakati mama atasukuma mara elfu nyingi. Chukua mguu mmoja ukikanyaga mara 1000 tu kwa siku: kwa miezi mitatu ni mara 90,000. Skrubu kwenye mfupa laini mara nyingi hailegei kwa pigo moja, inalegea kwa kurudiarudia, kijiti kimoja baada ya kingine. Lakini ndani ya miezi hiyohiyo mwili nao unajenga. Ni mbio kati ya viwili: mfupa kuunga na chuma kuchoka. Kompyuta inaona upande mmoja wa mbio. Haijui kama mama ana kisukari, kama anakula vizuri, kama kidonda kiliingia wadudu.

Na zile rangi, dada yangu. Nyekundu haimaanishi panavunjika. Mwenye modeli ndiye anayechagua nyekundu ianzie wapi. Naweza kukutengenezea picha ya mfupa wa kijana wa miaka 20 ukiwa mwekundu wote, na wa bibi wa miaka 90 ukiwa bluu tupu, kwa kubadilisha kipimo cha pembeni tu. Unapoona video kama hiyo, tafuta kwanza kile kipimo. Kinachonivutia mimi ni kubonyea kwa asilimia: mfupa huanza kuharibika unapobonyea au kuvutika karibu asilimia 1 ya urefu wake, uwe mzima au dhaifu. Tofauti ni kwamba dhaifu hufika hapo kwa mzigo mdogo.

Liko jambo jingine la kiutendaji, nalo peke yake linatosha kujibu swali la CT. Mama tayari ana chuma mwilini. Chuma kwenye CT hutupa mistari ya kung'aa na vivuli pande zote, na vinaharibu namba za weupe hasa pale panapogusana na skrubu, mahali penyewe ambapo kaka yako anahitaji namba safi. Zipo programu za kupunguza vivuli hivyo, zinasaidia kuona, lakini kwa kukokotoa ugumu bado sizitegemei. CT ya kufaa kwa modeli ingekuwa ya kabla ya upasuaji. Marekani ipo huduma iliyoidhinishwa inayokokotoa uimara wa nyonga au uti wa mgongo kutoka kwenye CT kwa mbinu hiihii, lakini angalia inapima nini: inapima mfupa, hatari ya kuvunjika. Haitoi hukumu ya skrubu iliyokwisha kuwekwa.

Basi msilipie CT kwa ajili ya video. Daktari wenu akiitaka kwa sababu yake, mathalani kuhakikisha kama ncha imetokeza kwenye kiungo au kama mfupa umeunga, hilo ni jambo tofauti, lipieni.

Kitu ambacho mnaweza kukifanya, na hakina gharama, ni kumwomba daktari apime kwa rula kwenye eksirei mlizo nazo. Mwaka 1995 Michael Baumgaertner na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa mivunjiko 198 ya aina kama ya mama. Walipima umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa cha paja, kwenye picha ya mbele na ya ubavu, wakajumlisha. Hakuna hata skrubu moja iliyokata mfupa kati ya zile zenye jumla ya milimita 25 au pungufu. Zilizokata zilikuwa na wastani wa 38. Sababu ni ileile ya mirunda: katikati na ndani kabisa, karibu na kilele, vijiti vimesongamana zaidi hata kwa mtu mzima sana, na skrubu iliyofika hapo imeegemea ukuta na si pamba.

Picha hukuza, kwa hiyo lazima kusahihisha. Hesi za skrubu nyingi za aina hii zina kipenyo cha takriban milimita 12.5. Tuseme kwenye picha ya mbele hesi zinaonekana na upana wa milimita 15, na umbali wa ncha hadi kilele ni 12: umbali wa kweli ni 12 mara 12.5 gawa 15, yaani 10. Kwenye picha ya ubavu hesi zina upana wa 16 na umbali ni 16: umbali wa kweli ni 12.5. Jumla 22.5. Ningepata namba hiyo ningelala usingizi. Kaka yako akitaka kazi, mpeni hii, lakini jibu lake alilinganishe na la daktari, maana kukosea kilele ni rahisi. Na jumla ikizidi 25 si kwamba skrubu imekwisha kushindwa. Maana yake ni kumfuatilia kwa karibu zaidi, pengine kwa picha kila baada ya wiki mbili au tatu badala ya sita.

Kuhusu skrubu nyingi: zile nne za pembeni zimeshika gamba la mfupa mrefu, na si hapo penye udhaifu mkubwa. Penye udhaifu ni kichwani, na huko hakuna nafasi ya kupanga skrubu kama vishikizo vya shati. Kila tundu ni mfupa ulioondolewa. Njia nyingine zipo. Upo msumari mrefu unaokaa ndani ya mfupa, ambao kwa mivunjiko isiyotulia huwa bora. Ipo saruji ya mifupa inayosindikizwa kuzunguka ncha. Inaongeza mshiko, lakini ina joto lake, ina bei yake, na skrubu ikibidi kutolewa baadaye ni shida. Kwa mabega na magoti yapo mabamba ambayo kichwa cha skrubu kina hesi zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, hivyo chuma chote kinakuwa kitu kimoja na hakitegemei kubanwa kwenye mfupa. Kwa mvunjiko wa mama kama ulivyoueleza, chombo alichowekewa ni cha heshima na kimetumika miongo mingi. Sioni sababu ya kuwalaumu.

Shangazi nampa shikamoo zake, lakini hapo simfuati. Kulala hakuipumzishi nyonga kama tunavyodhani. Mama akijiinua makalio kitandani ili awekewe beseni la choo, misuli inabana kiungo kwa nguvu inayoweza kukaribia ya kutembea kwa msaada. Huku kulala miezi mitatu kwa mtu wa miaka 72 kunaleta vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni, nimonia, na misuli kuyeyuka. Nimewapoteza wagonjwa wengi zaidi kwa kitanda kuliko kwa skrubu. Ndiyo maana desturi ya sasa kwa wazee ni kukanyaga mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu, akiwa na fremu ya kutembelea, mtu pembeni, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akimwongoza. Kama daktari aliyemfanyia upasuaji alitoa amri tofauti kwa sababu ya aina ya mvunjiko, fuateni ya kwake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba katika barua yako yote hakuna neno "dawa". Mfupa uliovunjika kwa kuteleza bafuni ni ugonjwa, na mguu wa pili una mfupa uleule. Muulizeni daktari kuhusu matibabu ya osteoporosisi, yaani huo ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Vipo vidonge vya alendronate, miligramu 70 mara moja kwa wiki, vinavyonywewa asubuhi tumbo likiwa tupu kwa bilauri ya maji, kisha mama akae wima nusu saa asilale, vinginevyo vinachoma koo. Ipo sindano ya zoledronic acid, miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa waliochomwa ndani ya siku 90 baada ya upasuaji wa nyonga iliyovunjika walipata mivunjiko mipya pungufu kwa asilimia 35, na vifo pungufu kwa asilimia 28. Kwanza apimwe figo, kalsiamu na vitamini D. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni chakula kizuri cha kalsiamu, na jua la asubuhi barazani halina gharama, lakini msivifanye kuwa badala ya dawa.

Mpelekeni siku hiyohiyo, msisubiri wiki sita, akipata maumivu mapya ya ghafla kwenye kinena au paja, akishindwa kukanyaga ilhali jana alikanyaga, mguu ukionekana umefupika zaidi na wayo umegeukia nje, kidonda kikitoa majimaji au akipata homa, au mguu ukivimba na kuuma kwenye kigimbi. Akikosa pumzi au kubanwa kifua ni dharura ya saa ileile. Kama hospitali mliyopo haina daktari bingwa wa mifupa, ombeni rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mwende na eksirei zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Zile za mwanzo ndizo zenye thamani, kwa sababu kusogea hakuonekani kwenye picha moja. Na ikija kuthibitika skrubu inakata kichwa, bado kuna la kufanya. Kwa umri wake mara nyingi tunaitoa na kuweka nyonga ya bandia.

Bafuni sasa. Mmekumbuka namba 8? Hiyo ni kujikwaa tu. Ondoeni mkeka wa plastiki unaoteleza, fungeni bomba la kushikia ukutani, na kama choo ni cha kuchuchumaa mnunulieni kiti cha choo cha kuwekwa juu yake. Taa iwake usiku, hata kama ni ya kuchaji.

Na swali la mama. Kukunja nyonga kwenyewe hakutaharibu skrubu yake. Kinachonitia wasiwasi ni kushuka chini na kuinuka, pale mtu anapojizungusha kwa mguu mmoja huku mikono ikitafuta pa kushika. Aswali kwenye kiti kigumu chenye mikono, kimeegemezwa ukutani, akiashiria rukuu na sijida kwa kichwa, mpaka picha zionyeshe mfupa umeunga, jambo ambalo kwa wengi huchukua miezi mitatu hadi sita. Siku hiyo ikifika, mara ya kwanza awepo mtu mwenye nguvu kila upande, na ajaribu mchana, si alfajiri akiwa bado na usingizi.